Redio moja, antena kibao: Jinsi ya kuongoza swichi ya mawimbi kwa kompyuta

HackRF One ni redio ndogo inayochomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Inanasa mawimbi kuanzia megahezi 1 hadi 6,000. Tatizo ni moja: ina tundu moja tu la antena, na hakuna antena moja inayofanya vizuri kote huko.

Wimbi la stesheni ya FM ya megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Ndege hutangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1,090, ambako wimbi ni kama sentimita 27 tu. Ukitaka vyote viwili, unahitaji antena mbili. Kuchomoa na kuchomeka kila mara kunachosha, na tundu nalo linachakaa.

Hapo ndipo swichi ya mawimbi inapoingia.

Inafanyaje kazi?

Swichi ya taa ya ukutani haifai hapa, kwa sababu mawimbi ya kasi huruka pengo lake hata ikiwa imezimwa. Swichi ya elektroniki hutumia chipu zinazofungua na kufunga njia kwa umeme mdogo. Ndani hakuna kinachosogea, kwa hiyo inabadilika fasta.

Kwa HackRF ipo bodi iitwayo Opera Cake, ya watengenezaji wale wale, Great Scott Gadgets. Ina matundu makuu mawili, A0 na B0, na manane ya antena: A1 hadi A4, na B1 hadi B4.

Hatua za kuifunga

1. Chomoa HackRF kwenye kompyuta, kisha panda bodi juu ya pini zake za ndani.
2. Unganisha A0 na tundu la antena la HackRF kwa waya mfupi.
3. Funga antena ya FM kwenye A1 na ya ndege kwenye A2.
4. Kwenye Ubuntu, weka programu:

sudo apt install hackrf

5. Chomeka USB, kisha angalia kama bodi imeonekana:

hackrf_operacake -l

Ikionekana, mambo safi. Kuchagua antena ya FM:

hackrf_operacake -a A1

Kuna njia rahisi zaidi: iache bodi ijichagulie antena kulingana na masafa.

hackrf_operacake -m frequency -f A1:80:110 -f A2:1000:1200

Maana yake, ukisikiliza kati ya megahezi 80 na 110 inatumika A1, na kati ya 1,000 na 1,200 inatumika A2. Wewe unabadilisha stesheni tu, swichi inafuata.

Usiunguze redio

Hapa wengi hujisahau. Swichi haizuii mawimbi yote. Kidogo huvuja hata kwenye njia iliyofungwa.

HackRF haitakiwi kupokea zaidi ya theluthi moja hivi ya miliwati. Sasa chukua redio ya mkononi ya wati 5, uifunge kwenye tundu jingine la swichi. Hata ikivuja sehemu moja tu kati ya 10,000, hiyo ni nusu miliwati. Tayari imezidi kiwango, na redio inaweza kufa moja kwa moja. Kwa hiyo usifunge mtambo wa kurusha kwenye swichi moja na redio ya kupokea.

Jambo jingine: HackRF inaweza pia kurusha mawimbi, na hilo si la kujaribu tu kienyeji. Tanzania, kibali hutolewa na TCRA. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Anayeanza abaki kwenye kusikiliza.

Na kama sauti ni hafifu baada ya kufunga kila kitu, usikimbilie kulaumu programu. Kagua kwanza kama ule waya wa A0 umekazwa.