Dai, Kipimo na Hukumu: Kiswahili cha Mashabiki Wanaojadili Kikosi cha Timu mjini Rusizi (Cyangugu), Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna Kiswahili kinavyotumika kujenga hoja pale mashabiki wa kandanda wanapojadili usajili, upangaji wa kikosi na kiwango cha wachezaji. Mahali panaporejelewa ni Rusizi, mji wa mpakani wenye timu ya Espoir FC. Makala yanaonyesha kwamba mjadala wa kikosi una dai, ushahidi na kipimo, na kwamba unategemea vipengele vya sarufi ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili nchini Rwanda hufundishwa kwa shida. Aidha, yanaonyesha mahali ambapo mjadala huo huacha hoja na kugeukia asili ya mchezaji. Hitimisho ni kwamba mpango wa kukuza Kiswahili nchini Rwanda utapoteza nyenzo muhimu iwapo utaendelea kuyachukulia mazungumzo haya kuwa kelele za mtaani.

1.0 Utangulizi

Uwanja wa nyumbani wa Espoir FC unaitwa Kamarampaka. Jina hili limeundwa kwa kitenzi cha Kinyarwanda kumara, yaani kumaliza, na nomino impaka, yaani ubishi. Linakumbusha kura ya maoni ya tarehe 25 Septemba 1961 iliyoamua hatima ya ufalme nchini Rwanda. Msemaji wa Kiswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba ndani yake mna neno mpaka. Ni kosa la kawaida la maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana, lakini katika mji huu maneno yote mawili yana mahali pake. Rusizi inapakana na Bukavu, na mashabiki wake hawajawahi kumaliza ubishi kuhusu nani aanze, nani akae benchi na nani aachwe.

Ubishi huo huchukuliwa na wengi kuwa jambo dogo. Makala haya yanadai kinyume chake. Mtu anayetetea au kupinga uteuzi wa mchezaji hufanya kazi ileile ya lugha ambayo shule humdai mwanafunzi katika insha ya hoja: hutoa dai, huleta ushahidi na hueleza kwa nini ushahidi huo unatosha. Iwapo kazi hiyo hufanyika kwa Kiswahili nje ya darasa, mshauri wa sera anapaswa kujua hufanyika vipi.

Makala haya ni ya ufafanuzi, si ripoti ya takwimu. Sentensi zinazotolewa kama mifano zimetungwa na mwandishi ili kuwakilisha aina za kauli zinazojulikana katika mijadala ya kandanda ya Afrika Mashariki. Hazikunukuliwa kutoka kwa mtu yeyote.

2.0 Muktadha wa Lugha

Eneo linalozungumziwa lilikuwa sehemu ya mkoa wa zamani wa Cyangugu hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Leo ni Wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi, ingawa jina la Cyangugu bado limo vinywani mwa watu. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani. Kifaransa na Kiingereza ni lugha za shule na ofisi kwa nyakati tofauti. Kiswahili huingia kupitia biashara na Bukavu, ambako ni lugha ya kila siku, kupitia wasafiri wa Burundi na Tanzania, na kupitia redio na televisheni.

Kisheria, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi hiyo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, hivyo kingo zote mbili za mto Rusizi sasa zimo ndani ya soko moja na zina lugha moja ya kikanda. Hata hivyo, hadhi ya kisheria haifuti mtazamo wa jamii. Katika Kinyarwanda, neno umuswahili limebeba kwa muda mrefu maana ya mtu mjanja asiyeaminika, na Kiswahili kimehusishwa na soko, gari na kambi. Mtazamo huo unakikubali Kiswahili kuwa lugha ya kupatana bei, lakini unasita kukikubali kuwa lugha ya kufikiri.

Kandanda imesaidia kuulegeza mtazamo huo. Haruna Niyonzima alijiunga na Young Africans ya Dar es Salaam mwaka 2011 na baadaye akachezea Simba. Meddie Kagere aliongoza kwa ufungaji katika Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2018–2019 na tena 2019–2020 akiwa na Simba. Shabiki wa Rwanda aliyetaka kujua Mnyarwanda mwenzake anasemwaje huko alilazimika kusikiliza uchambuzi wa Kiswahili. Hapo alikutana na Kiswahili kinachopima, kinacholinganisha na kinachotoa hukumu.

3.0 Muundo wa Hoja katika Mjadala wa Kikosi

Stephen Toulmin, katika kazi yake ya mwaka 1958 kuhusu matumizi ya hoja, alitofautisha dai, ushahidi na kanuni inayouunganisha ushahidi na dai. Mgawanyo huo unatosha kutuongoza. Katika mjadala wa kikosi, dai huhusu uteuzi, ushahidi hutoka uwanjani, na kanuni ni kipimo cha mchezaji bora ambacho wasemaji hawakubaliani nacho daima. Vipengele vitatu vya lugha vinastahili kuangaliwa kwa karibu.

3.1 Uwezo na kiwango

Tazama mfano huu:

(1) Uwezo anao, lakini kiwango kimeshuka.

Sentensi hii fupi inatenganisha mambo mawili. Uwezo ni sifa ya kudumu; kiwango ni hali ya wakati huu. Anayesema hivyo anakubali nusu ya hoja ya mpinzani wake kabla ya kuleta yake, na pia anafungua njia ya suluhisho: mchezaji apumzishwe, asiuzwe. Kinyarwanda kina jozi inayokaribiana na hii, ubushobozi na urwego, kwa hiyo Mnyarwanda hapati shida ya dhana. Anachohitaji ni mazoezi ya kuitamka dhana hiyo kwa Kiswahili sanifu, pamoja na upatanisho wa kisarufi unaoambatana nayo. Muundo wa kukubali kwanza na kupinga baadaye, kwa kutumia lakini, japokuwa au pamoja na hayo, ndio msingi wa uandishi wa kitaaluma.

3.2 Sharti lisilotimia

Mjadala wa baada ya mechi huhusu zaidi jambo ambalo halikutokea:

(2) Angechezeshwa katikati, mipira isingepotea.

Hapa pana viambishi -nge- na -singe-, kauli ya kutendeshwa, na upatanisho wa ngeli katika sentensi moja. Kinyarwanda hueleza sharti la aina hii kwa neno iyo likifuatwa na kitenzi, bila kiambishi kimoja kinacholingana na -nge-. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi huvutwa kusema: “Kama alicheza katikati, mipira haikupotea.” Kauli hiyo haibebi maana iliyokusudiwa, kwa kuwa inasimulia jambo lililopita badala ya kuliwazia lingine. Kitabu cha kiada kinapofundisha -nge- kwa mifano kama “ningekuwa tajiri, ningenunua gari”, mwanafunzi huona mchezo wa maneno tu. Shabiki anayeeleza sababu ya timu yake kufungwa ana haja ya kweli ya umbo hilo.

3.3 Nani anawajibika?

Jozi ifuatayo ina uzito mkubwa zaidi:

(3) Amecheza vibaya.
(4) Amechezeshwa vibaya.

Katika (3) lawama ni ya mchezaji. Katika (4) lawama imehamia kwa kocha, ingawa hakutajwa. Unyambulishaji wa kitenzi kimoja, cheza, umebadilisha mtuhumiwa. Vitenzi vingine vya uwanja huu vinafuata njia hiyohiyo: kuanzishwa, kupumzishwa, kuingizwa, kutolewa. Anayevimudu anaweza kubishana kuhusu wajibu bila kumtusi mtu yeyote. Anayevikosa hubaki na majina ya watu na sifa mbaya. Kwa mtazamo wa makala haya, ustaarabu wa mjadala hauletwi na tabia njema peke yake. Huhitaji pia sarufi inayomruhusu msemaji kuhukumu tendo badala ya mtu.

4.0 Istilahi Zinazovuka Mipaka

Mashabiki wa Rusizi wana maneno mengi ya kuchagua. Kinyarwanda kina ikipe, umukinnyi, umutoza, igitego, myugariro na rutahizamu. Kiswahili cha Tanzania na Kenya kina timu, mchezaji, kocha, bao au goli, beki na mshambuliaji. Bukavu huongeza maneno ya Kifaransa. Mchanganyiko huu mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba Kiswahili cha Rusizi si safi.

Historia ya maneno inatoa picha nyingine. Golikipa kwa Kinyarwanda huitwa umunyezamu, na goli analolilinda ni izamu. Mshambuliaji ni rutahizamu, neno lenye izamu ndani yake. Umuzamu ni mlinzi wa nyumba. Maneno haya yote yana zamu ya Kiswahili, kwa maana ya kushika lindo. Kwa hiyo Mnyarwanda anapomtaja golikipa kwa lugha yake mwenyewe, tayari anatumia mali iliyotoka Kiswahili. Mwalimu anayelijua hili anaweza kuanzia mahali ambapo mwanafunzi tayari yupo.

Ziko pia tofauti zinazohitaji uangalifu. Kitenzi cha Kinyarwanda gutsinda hutumika kwa kushinda mechi na vilevile kwa kufunga bao. Kiswahili hutenganisha kushinda na kufunga, lakini hutumia kufungwa kwa maana ya kushindwa pia. Kosa kama “ameshinda mabao mawili”, kwa maana ya kuyafunga, hutokana na njia hii, nalo hurekebishwa kwa urahisi pale chanzo chake kinapoelezwa.

5.0 “Wetu” na “wa Nje”

Si kila kauli katika mjadala wa kikosi ni hoja. Ipo kauli moja ambayo hufunga mlango:

(5) Huyo si wetu.

Kanuni za ligi kuhusu idadi ya wachezaji wa kigeni huifanya asili ya mchezaji kuwa swali halali la usajili. Katika mji ambao ng’ambo ya mto ni nchi nyingine, swali hilo hugusa familia na majina. Taifa zima lilionja uzito wake mwaka 2014, Shirikisho la Kandanda Afrika lilipoiondoa Rwanda katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015. Amavubi walikuwa wamekwisha kuitoa Kongo-Brazzaville kwa mikwaju ya penalti. Sababu ilikuwa mshambuliaji Daddy Birori, ambaye nchini Kongo alichezea AS Vita Club kwa jina jingine, Etekiama Agiti Taddy.

Tukio hilo lilikuwa la nyaraka na utawala, na lilistahili kujadiliwa hivyo. Hatari hutokea pale “nyaraka zake hazijakamilika” inapogeuka kuwa “si wetu”. Kauli ya kwanza inaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Ya pili haina kipimo. Katika eneo la Maziwa Makuu, ambako maneno kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni yamewahi kugharimu maisha ya watu, tofauti ya kauli hizi mbili ni somo la lugha na la uraia kwa pamoja. Mwalimu anayewauliza wanafunzi wake “kipimo chako ni kipi?” huwazoeza kuiona tofauti hiyo katika jambo jepesi kabla hawajakutana nayo katika jambo zito.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, waandaaji wa vitabu vya Kiswahili vya sekondari nchini Rwanda waingize mjadala wa kikosi kama kazi ya ufundishaji wa hoja. Mtaala unaozingatia uwezo wa mwanafunzi unaruhusu jambo hilo. Kuporomoka kwa Espoir FC hadi daraja la pili mwishoni mwa msimu wa 2022–2023, kwa mfano, ni mada ambayo mwanafunzi wa Rusizi anaweza kuiandikia insha ya sababu na matokeo bila kuhitaji kuelezwa kwanza kisa chenyewe.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyuo vikuu vya Rwanda, Burundi na Kongo kuandaa faharasa ya istilahi za michezo inayoonyesha visawe vya kila eneo bila kuviita makosa.

Tatu, watangazaji wa michezo watambuliwe kuwa walimu wa lugha na wapewe mafunzo, hasa kuhusu namna ya kutaja asili ya mchezaji pale tu inapohusiana na kanuni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mjadala wa mashabiki kuhusu kikosi hutumia Kiswahili kupima, kulinganisha, kuwazia lisilotokea na kugawa wajibu. Hizi ndizo kazi ambazo lugha rasmi hutarajiwa kuzifanya bungeni, mahakamani na katika vikao vya Jumuiya. Sheria ya mwaka 2017 iliipa lugha hii hadhi. Haikuipa wasemaji wanaoweza kubishana kwayo kwa ushahidi. Mjini Rusizi, baadhi ya wasemaji hao wamekaa majukwaani Kamarampaka. Sera inayowapuuza itaanza upya kazi ambayo wao wamekwisha kuianza.