Darubini Kwenye Mafunjo ya Ruvubu

Ndugu askari, huenda umepata kusimama zamu kwenye kizuizi cha barabara alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni, ikaja gari yenye watu watatu au wanne waliovaa nguo za rangi ya majani makavu. Shingoni wametundika darubini. Mapajani wana daftari na kitabu kinene cha picha. Ukiwauliza waendako, hujibu kwamba wanakwenda kutazama ndege. Si ajabu ukawatilia shaka. Darubini ni chombo cha vita kama ilivyo chombo cha starehe, na mtu mzima aachaye kitanda saa kumi usiku kwa ajili ya ndege ambaye hatamla wala hatamwuza, si mtu wa kuaminika mara moja.

Watu hao ni nani, na wanatafuta nini? Yafaa tulijue jambo hili, kwa kuwa njia yao kati ya Gitega na Muyinga hupita mbele ya macho ya walinzi wa usalama kila mara.

Kutoka Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, barabara ya Karuzi huteremka hadi mto Ruvubu. Mto huo hupokea maji ya Ruvyironza, ambao chemchemi yake ya Rutovu ilitambuliwa na Mjerumani Burkhart Waldecker mwaka 1937 kuwa ndiyo ya kusini kabisa katika chemchemi zote za mto Nile. Kisha Ruvubu hugeukia kaskazini mashariki, hupita katika hifadhi yenye jina lake, huingia Tanzania na kujiunga na Kagera. Katika mabonde yake yapo mafunjo, yaani urufunzo kwa Kirundi, yaliyosongamana kama ukuta. Ndani ya ukuta huo ndimo aishimo ndege wa kwanza atafutwaye.

Huyu ni gonoleki wa mafunjo. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1911, wakampa jina la milima ya Mufumbiro, yaani Virunga. Mgongo wake ni mweusi, utosi ni wa manjano, kifua ni chekundu kama damu mbichi, na bawani ana mstari mweupe. Mtu angedhani ndege mwenye rangi hizo huonekana toka ng'ambo ya mto. La! Hakai ila ndani ya mafunjo, na ndani ya mafunjo haonekani. Husikika. Dume hutoa sauti, jike akamjibu upesi hata msikilizaji asiyezoea huapa kwamba ni ndege mmoja.

Namna ya kumwona ni moja tu. Hufika ukingoni kabla ya jua kupanda, hukaa kimya, hutazami pote bali pahala pamoja, na hungoja. Nusu saa. Saa nzima. Atikisikaye amempoteza. Mtu aliyewahi kulala mavizioni au kukaa katika lindo la usiku atatambua kwamba hii ni kazi yake mwenyewe, isipokuwa mwishoni hapana risasi.

Wala si mfano wa kubuni. Katika Vita Kuu ya Pili, maofisa kadhaa wa Kiingereza waliotekwa na kufungwa katika kambi za Ujerumani walitumia miaka ya kifungo chao kuwatazama ndege waliovuka seng'enge walivyopenda. John Buxton alimfuatilia ndege mdogo mmoja wa jamii ya shorewanda kwa mamia ya saa, akisaidiwa na wenzake, na mwaka 1950 akatoa kitabu kizima juu yake. Mwenzake, George Waterston, aliyekamatwa Krete mwaka 1941, alirudi kwao akaanzisha kituo cha kuchunguza ndege katika kisiwa cha Fair Isle mwaka 1948. Njaa na baridi waliyokuwa nayo haikuwaondolea nidhamu ya kuandika saa, mahali na idadi.

Ukivuka Karuzi na kukaribia Muyinga, nchi hubadilika. Upande wa mashariki ipo Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, yenye eneo lipitalo kilomita za mraba 500, kubwa kuliko hifadhi zote za Burundi. Mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Humo mna nyati na viboko, lakini mtazamaji wa ndege huwapita kana kwamba ni mbuzi wa jirani. Hesabu za ndege wa Ruvubu huzidi aina 400. Mmoja wao ni ndege mweusi mwenye uso mwekundu na mdomo mnene, atoboaye miti mikavu apate tundu la kutagia. Duniani hapatikani ila katika pembe hii ya Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Miongo mingi sasa adui wake mkubwa na wa wenzake ni moto wa kiangazi na ujangili, ambao ulizidi katika miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993.

Tulidhani tumemaliza habari ya ndege adimu. Kumbe aliye hatarini zaidi ni yule ambaye kila mmoja wetu amjua tangu utoto: umusambi, korongo mwenye taji la dhahabu. Mwaka 2012 aliwekwa katika daraja la viumbe waliomo hatarini kutoweka, baada ya kuonekana kwamba katika muda wa vizazi vyake vitatu idadi yake barani imepungua kwa zaidi ya nusu. Hutaga mayai mawili au matatu katika mabwawa yenye nyasi, na mabwawa hayohayo ndiyo yanayolimwa kuanzia Juni hadi Septemba, wakati milima imekauka. Mkulima hana kosa kutafuta chakula cha watoto wake. Lakini kiota kikikanyagwa, mwaka wa ndege hao umekwisha.

Jambo la pili ni la aibu zaidi. Makinda hukamatwa na kuuzwa, wakafungiwa nyuani kuwa pambo la wenye nyumba, mabawa yamekatwa. Kifungoni hawazai ila kwa nadra. Rwanda ilianza mwaka 2014 kuwaandikisha waliofugwa majumbani. Wenye afya walirudishwa porini Akagera, na tangu hesabu ya kila mwaka ilipoanzishwa mwaka 2017 idadi imekuwa ikiongezeka. Nchini Burundi ipo sheria ya mwaka 2011 juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Basi mwenye darubini kizuizini akaguliwe kama wengine. Mwulize ameona nini, na kama ni mtazamaji wa kweli utajuta kumwuliza, kwa maana hatanyamaza upesi. Lakini gunia linalotikisika nyuma ya baiskeli, au tenga lililofunikwa nguo juu ya lori, nalo lifunguliwe.

Watu wale hurudi Gitega jioni. Mara nyingi husimamisha gari karibu na bonde lenye miti mirefu, kwa sababu korongo wenye taji, tofauti na korongo wengine wa jamii yao, hulala juu ya miti. Saa kumi na mbili hivi huanza kuja, wawili wawili, wakiita. Hapo ndipo wawezapo kuhesabiwa, mwanga ukiwa bado unatosha kuona taji.