Hawk na Animal: jozi iliyokataa kupigwa

Wanamieleka wa Marekani wana kipimo chao cha kelele za mashabiki. Mtu akitokea ghafla na ukumbi mzima ukalipuka hata mtangazaji asisikike, wao husema hiyo ni Road Warrior pop. Wengi wanaolitumia jina hilo leo walikuwa hawajazaliwa kelele zenyewe zilipoanza, na wenye jina wote wawili wamekwisha kufariki dunia. Kipimo kimebaki, na sijaona jozi nyingine iliyokaribia kukibadilisha.

Wenye jina ni Michael Hegstrand, aliyeitwa Hawk, na Joseph Laurinaitis, aliyeitwa Animal. Waliofuatilia mieleka kwenye kanda za video miaka ya tisini huenda wanawakumbuka zaidi kama Legion of Doom, nyuso zimepakwa rangi na mabegani wamevaa ngao zenye miiba mirefu kama kidole. Sura ile iliwatisha watoto na kuwafurahisha kwa wakati mmoja.

Walitoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako walikuwa mabaunsa wa baa na wanyanyua vyuma. Mkufunzi wa mieleka Eddie Sharkey aliwaona na kuwachukua kuwafundisha, pamoja na vijana wengine wenye miili kama yao, wakiwemo Rick Rude na Barry Darsow, ambao nao baadaye walipata majina makubwa. Mafunzo hayakuwa marefu. Laurinaitis alipelekwa Georgia peke yake kwanza, akavishwa mavazi ya ngozi ya mwendesha pikipiki, na hakuwika. Mwaka 1983 promota Ole Anderson alipohitaji jozi mpya ya kutisha, Hegstrand akaitwa, na wawili hao wakapewa jina la Road Warriors, lililotokana na sinema ya Mad Max iliyokuwa ikitamba wakati huo. Animal akanyoa kiduku. Hawk akanyoa kinyume chake: katikati upara, nywele zikabaki pande mbili. Meneja wao akawa Paul Ellering, mwanamieleka aliyestaafu kwa sababu ya goti, ambaye kazi yake haikuishia kwenye maigizo ya televisheni. Ndiye hasa aliyewapangia safari, akajadili malipo yao na kuwatunzia hesabu.

Ili kuelewa kwa nini waliitikisa fani, lazima kwanza tuseme mieleka ya jozi huendaje. Matokeo hupangwa kabla, kila mtu anajua. Kinachouzwa ni hisia. Jozi mbili zinaingia ulingoni, lakini ni mmoja mmoja tu anayeruhusiwa kupigana, mwenzake akisubiri pembeni ameshika kamba. Kubadilishana ni mpaka mguse mikono. Basi mbinu ya siku zote ni hii: mmoja wa wale wema anatengwa na maadui, anapigwa, anaburutwa, anatambaa kuelekea kwa mwenzake, anavutwa mguu vidole vikikaribia kugusana. Ukumbi unapiga makofi kwa pamoja kumpa nguvu. Hatimaye mikono inagusana, mwenzake anaingia kama moto wa nyika, watu wanasimama. Ricky Morton wa Rock 'n' Roll Express aliijua kazi hiyo ya kupigwa na kuhurumiwa kiasi kwamba jina lake limekuwa jina la kazi yenyewe.

Hawk na Animal hawakuifuata kanuni hiyo. Hawakutengwa, hawakutambaa. Kengele ikilia, mpinzani ananyanyuliwa juu ya vichwa vyao kama gunia na kubwagwa, mapambano mengine yakaisha kabla ya dakika tatu. Ngumi iliyompeleka mtu mwingine chini, Hawk aliipokea akiwa amesimama, akamkodolea macho aliyeirusha. Wapo wanamieleka wa wakati ule waliolalamika kwamba wale vijana walikuwa wazito wa mikono, na kwamba walikataa kuonyesha maumivu, jambo ambalo katika kazi hii ni kumnyima mwenzako ugali wake. Lalamiko hilo lina ukweli. Mieleka ni kazi ya kushirikiana, na mtu asiyeonyesha maumivu anamharibia mwenzake. Lakini watazamaji waliokuja ukumbini baada ya wiki nzima ya kuamrishwa kazini waliona watu wawili wasioamrishwa na yeyote, na wakawapenda hata pale walipotambulishwa kama wabaya. Promota akiwaandika waovu, mashabiki wanawashangilia. Ilibidi promota abadili hadithi.

Na walikuwa na pigo moja la kumalizia ambalo mpaka leo ukilitazama linakukaza mwili. Animal anamnyanyua mpinzani na kumkalisha mabegani mwake. Hawk, mtu mwenye uzito wa kupita kilo mia moja, anapanda hadi kamba ya juu, anaruka, na mkono wake unampiga yule mtu kifuani, akageuka hewani na kuanguka mgongo nyuma ya Animal. Waliliita Doomsday Device. Pigo hilo haliwezekani kwa mtu mmoja wala kwa watu wasioaminiana: aliye chini haoni mwenzake anaruka lini, na aliye juu akikosea kidogo anaweza kumvunja mtu shingo. Hapo ndipo ninapopinga wanaosema hawa hawakuwa mafundi.

Mikanda ilikuja kwa haraka. Agosti 1984 walitwaa ubingwa wa jozi wa AWA, chama kilichokuwa na makao yake kwao Minneapolis. Mwaka 1985 walikwenda Japani, na Machi 1987 wakawavua Jumbo Tsuruta na Genichiro Tenryu mkanda wa kimataifa wa chama cha All Japan. Katikati, Aprili 1986, walishinda mashindano ya jozi 24 ya Crockett Cup pale Superdome, New Orleans, na Novemba mwaka huo wakapambana na Midnight Express juu ya jukwaa la vyuma lililotundikwa juu ya ulingo mjini Atlanta, ambapo meneja wa wapinzani wao, Jim Cornette, alianguka na kuumia goti vibaya. Oktoba 1988 walichukua ubingwa wa jozi wa chama cha NWA.

Mwishoni mwa mwaka huo huo likatokea tukio linaloonyesha promota walivyohangaika nao. Dusty Rhodes, mwanamieleka mpendwa aliyekuwa pia mtunzi wa mapambano, aliamua kuwageuza wabaya tena. Mbele ya kamera wakaung'oa mwiba kwenye ngao zao na kumchoma nao Rhodes jichoni. Damu ilitiririka. Kampuni waliyoifanyia kazi ilikuwa imetoka kununuliwa na Ted Turner, na wakubwa wapya hawakutaka damu kwenye televisheni. Haukupita muda Rhodes akapoteza kazi yake ya utunzi. Nao mashabiki? Waliendelea kuwashangilia waliomchoma.

Kampuni ya WWF ya Vince McMahon ilikuwa tayari imeunda jozi yake ya wenye nyuso za rangi, Demolition, mmoja wao akiwa Barry Darsow yuleyule aliyefundishwa pamoja nao kwa Sharkey. Mwaka 1990 McMahon akawachukua wenyewe. Agosti 1991, katika ukumbi wa Madison Square Garden, waliwashinda Nasty Boys, na hivyo wakawa jozi pekee iliyowahi kushika ubingwa wa AWA, NWA na WWF. Lakini McMahon alipenda wahusika wa kuchekesha watoto. Mwaka 1992 Ellering aliletewa mwanasesere wa mbao aitwaye Rocco, akawa anaongea naye kana kwamba ndiye mshauri wa timu. Watu waliojengwa kwa kutisha wakapewa kikaragosi! Hawk aliuchukia mpango huo. Agosti mwaka huo waliingia uwanja wa Wembley, London, kwa pikipiki, wakashinda, kisha Hawk akaondoka.

Hawk akaenda Japani na kuunda jozi mpya na Kensuke Sasaki, na wakafanikiwa. Animal aliumia mgongo, akakaa nje ya ulingo kwa miaka. Walipoungana tena katikati ya miaka ya tisini, kelele zilikuwa zilezile, na Oktoba 1997 wakautwaa tena mkanda wa WWF. Miili ndiyo iliyokuwa imebadilika. Hawk alikuwa na tatizo la pombe na dawa, na kila aliyekuwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo alilijua.

Nini kilifanyika? Kampuni ililigeuza kuwa kipindi. Mwaka 1998 Hawk aliandikiwa kuja ulingoni akiyumba, akashindwa kupigana, na mwanamieleka kijana Darren Drozdov akawekwa mahali pake. Novemba, mbele ya mamilioni ya watazamaji, Hawk akapandishwa juu ya skrini kubwa ya ukumbini aigize mtu anayetaka kujiua, na hadithi ikamalizika kwa yeye kusukumwa. Nimeitazama sehemu ile na ninaiona kuwa moja ya mambo ya aibu kabisa yaliyowahi kufanywa na mieleka ya televisheni. Mgonjwa aliandikiwa ugonjwa wake mwenyewe auigize kwa mshahara. Kampuni yenye madaktari, mawakili na fedha ilikuwa na uwezo wa kumtibu kwanza. Mwaka uliofuata jozi hiyo ikaondoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wote wawili walikuwa wameokoka, na Hawk alijitahidi kuacha pombe na dawa. Mei 2003 walirudi kwa usiku mmoja kwenye kipindi cha Raw, wakapambana na Kane na Rob Van Dam, wakashindwa. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo Hawk alifariki nyumbani kwake Florida, moyo ukiwa umeshindwa. Alikuwa na miaka 46.

Animal aliendelea bila kuliacha jina. Julai 2005, akishirikiana na Heidenreich, alitwaa mkanda wa jozi wa WWE, jina jipya la WWF, na kumtolea marehemu mwenzake ushindi huo. Mwaka 2011 waliingizwa kwenye Jumba la Heshima la WWE, mjini Atlanta, katika jimbo lilelile la Georgia walikoanzia. Aliyesimama kuwatambulisha alikuwa Dusty Rhodes, aliyechomwa mwiba mwaka 1988. Animal akamwona mwanawe James akicheza mpira wa Kimarekani katika ligi kuu ya NFL, na alifariki Septemba 2020, siku kumi baada ya kutimiza miaka 60.

Amebaki Ellering. Novemba 2016 aliiongoza jozi ya Authors of Pain kushinda mashindano yaliyopewa jina la Dusty Rhodes, na mwanzoni mwa 2024, akiwa na miaka 70, alitokea tena na vijana hao hao kwenye televisheni ya WWE, wamesimama nyuma yake, wakubwa na wenye sura za kutisha, wasioonekana kuwa na mpango wa kutambaa.