Mgeni asiye na stakabadhi pia ana haki zake korokoroni

MAPEMA Aprili 2014, maafisa wa usalama walifurika mtaa wa Eastleigh, jijini Nairobi, wakipekua nyumba moja baada ya nyingine. Msako huo, ulioitwa Usalama Watch, ulifuatia mashambulizi ya kigaidi Nairobi na Mombasa. Maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kisomali, walikamatwa kwa kushukiwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Seli zilipojaa, wengine walipelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, ambao ulitangazwa kuwa kituo cha polisi.

Miongoni mwa walionaswa walikuwamo Wakenya halisi na wakimbizi waliosajiliwa.

Hakuna anayepinga kwamba serikali ina wajibu wa kulinda mipaka na maisha ya raia. Swali ni hili: Je, asiye na stakabadhi hupoteza haki zake zote pindi tu mlango wa seli unapofungwa?

Sheria inasema la. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kuwa nchini bila idhini ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili. Hata hivyo, adhabu hiyo hutolewa na mahakama. Kumzuilia mtu ili kuthibitisha utambulisho wake, kumfikisha kortini au kumrejesha kwao si adhabu, na hakupaswi kugeuzwa kuwa adhabu.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya korti baada ya hapo. Ifahamike kuwa Katiba haikusema "kila raia" bali "mtu". Kifungu cha 25 nacho kinapiga marufuku mateso na udhalilishaji, bila kuruhusu kisingizio chochote. Aidha, sheria iliyopitishwa 2014 kuhusu watu walionyimwa uhuru inagusia chakula, malazi, usafi na matibabu yao.

Kuandika haki ni jambo moja, kuwawajibisha wanaozikiuka ni jingine. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilikagua vituo wakati wa msako huo na kuripoti msongamano, uchafu, na watu kuzuiliwa kupita saa 24. Lakini jukumu la IPOA ni polisi. Mlalamishi akidhulumiwa na afisa wa uhamiaji, hana budi kuelekea kwingine, kama vile Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, ambayo ina mamlaka ya kuzuru mahali watu wanapozuiliwa.

Ugumu mwingine ni kwamba mgeni akishapandishwa ndege kurudishwa kwao, kesi hubaki bila mlalamishi wala shahidi. Ndiyo maana ni muhimu jina la kila anayekamatwa liandikwe katika daftari la matukio siku iyo hiyo, pamoja na saa na sababu. Katiba pia inaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwenzake asiyeweza kujitetea. Jamaa au jirani asiyejua haki hiyo huishia kungoja nje ya lango.

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mtie pingu kisha umsahau. Isitoshe, Wakenya wengi hutafuta riziki katika nchi za Ghuba, na wapo ambao hujikuta wamezuiliwa huko stakabadhi zao zinapokwisha muda. Tutawaombea utu kwa kauli gani, iwapo sisi tunawanyima wageni wetu?