Karata nzuri, kiti kibaya

Mwaka 2003, mjini Las Vegas, Chris Moneymaker na Sam Farha walibaki wawili kati ya wachezaji 839 walioanza shindano kuu la dunia la poka. Katika mkono mmoja ilifunuliwa karata ya nne, na Moneymaker hakuwa hata na jozi. Mkononi alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Mezani palikuwa na tisa, sita na nane za shupaza, na mbili ya uru. Shupaza moja zaidi ingempa flashi, yaani karata tano za aina moja. Kumi au tano ingemkamilishia mfululizo. Farha, aliyekuwa na jozi ya tisa, aliweka dau la kete 300,000, na Moneymaker akapandisha hadi 800,000. Karata ya tano haikumsaidia. Farha alipopita bila kuweka dau, Moneymaker alisukuma kete zote, na Farha akatupa karata zilizokuwa zinashinda. Baadaye Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Kiti kilimsaidia sana: katika kila raundi baada ya karata za mezani kuanza kufunuliwa alisema baada ya Farha. Anayesema mwisho huona kwanza mwenzake amefanya nini. Mwenzake akipita, naye akitaka hupita na kuiona karata inayofuata bila kulipa chochote. Anayetangulia hana uhuru huo, na hapo ndipo karata za kusubiri, yaani zinazohitaji nyingine ili zikamilike, huwatoa watu jasho.

Tuseme mchezaji anayetangulia ana nane na saba za kopa, na karata tatu za kwanza mezani, ziitwazo flopu, ni tisa ya kopa, sita ya kopa na mbili ya pau. Kopa 9 zilizobaki zinampa flashi. Karata za kumi, pamoja na za tano, zisizo za kopa, jumla 6, zinampa mfululizo. Hizo ni karata 15 za kumwokoa kati ya 47 asizoziona. Uwezekano wa kupata angalau moja katika karata mbili zijazo ni takriban asilimia 54. Hana kitu bado, lakini akikabiliana na jozi ya tisa hayuko nyuma.

Akisubiri flashi peke yake, hesabu hubadilika. Fungu la katikati likiwa 100 na mpinzani akiweka 50, kulipa kunahitaji ushindi wa asilimia 25. Karata ya nne itamletea flashi kwa asilimia 19 tu. Pengo hilo huzibwa na pesa za baadaye, na kwa anayetangulia pesa hizo hazipatikani kirahisi. Kopa ya tatu ikitua mezani kila mtu anaiona: akiweka dau, mpinzani huogopa na kutupa, akipita ili amtege, mpinzani naye hupita.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu hupita kwanza, kisha hupandisha dau mpinzani akishaweka lake. David Sklansky, Mmarekani aliyeandika vitabu maarufu vya poka, ndiye aliyelipa jina wazo la kuzuga nusu: kushambulia kwa mkono ambao bado haujakamilika ila unaweza kukamilika. Katika mfano wetu, akipandisha hadi 150 na mpinzani akitupa, amechukua 150 bila kuhitaji kopa yoyote. Akilipwa, bado ana karata za kumwokoa. Kuzuga mikono mitupu kungehitaji mpinzani atupe nusu ya mara zote. Mkono wa kusubiri unahitaji pungufu ya hapo.

Si kila mkono wa kusubiri unafaa kwa shambulio hilo. Flashi ya kusubiri inayoongozwa na ree mara nyingi hulipa tu, kwani ree yenyewe inaweza kushinda, na mpinzani mwenye flashi ndogo atalipa sana. Nane na saba hazishindi kirahisi bila kukamilika, kwa hiyo zinafaidika zaidi mpinzani akitupa.

Kete nazo zihesabiwe. Zikiwa chache, kuzisukuma zote kunamnyima mpinzani nafasi ya kupandisha tena. Zikiwa nyingi, anaweza kurudisha dau zito na kumfukuza mwenye flashi ya kusubiri kabla hajaiona karata ya nne. Na mbele ya mpinzani asiyetupa jozi hata iweje, kuzuga ni kupoteza pesa: hapo hulipwa bei ikifaa, au karata hutupwa.