Pareto Ilivyotoweka Juu ya Rongai

Ukitoka Rongai, Nakuru, kwa barabara kuu, ukaipita Salgaa na kuukwea mlima wa Sachang'wan kuelekea Molo, unaingia nchi ya baridi iliyosifika kwa maua meupe ya pareto, malighafi ya dawa ya kuua wadudu. Leo utaona zaidi viazi, mahindi na nyasi za ng'ombe wa maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilivuna karibu tani 18,000 za maua makavu kwa mwaka, nayo ndiyo iliyokuwa ikilisha sehemu kubwa ya soko la dunia. Miaka ishirini baadaye mavuno yalikuwa yakihesabiwa kwa mamia ya tani tu.

Wengi husema pareto iliuawa na dawa za viwandani. Mimi naona maelezo hayo yanawasamehe waliohusika. Ili kuyapima, hatuna budi kuanzia mahali dawa yenyewe inapofanyia kazi: kwenye neva za mdudu.

Seli mbili za neva hazigusani. Zinapokutana kwenye sinapsi hubaki ufa wenye upana wa nanometa kama 20 hivi, nao umeme wa neva kwa kawaida hauuvuki. Umeme huo hutokana na milango ya sodiamu iliyo kwenye utando wa seli, ambayo hufunguka kisha hujifunga kabla hata ya sekunde kugawanyika mara mia. Mshtuko ukifika mwisho wa seli, milango mingine huruhusu kalsiamu kuingia. Hapo vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hujishikiza kwenye utando, hupasuka na kuimwaga kemikali hiyo ufani, na seli ya pili huipokea kama habari. Bernard Katz na wenzake walionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kemikali hiyo hutoka kwa vipimo vinavyolingana, kifuko kimoja kimoja. Katz alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970. Ile ya mwaka 2013 ilimfikia, pamoja na wengine wawili, Thomas Südhof, aliyeeleza jinsi kalsiamu inavyotoa amri hiyo.

Pirethrini, yaani sumu iliyomo ndani ya ua la pareto, huanza kazi yake kabla ya vifuko. Huushikilia mlango wa sodiamu usijifunge. Mshtuko mmoja huzaa mwingine na mwingine, kila mmoja ukimwaga kemikali kwenye sinapsi, mpaka mdudu anatetemeka, anaanguka na kupooza. Binadamu pia ana milango ya sodiamu, ila mwili wake una joto linalopunguza nguvu ya sumu hii, na ini lake huivunja upesi. Jua nalo huivunja kwa muda mfupi. Ni sifa njema jikoni na ghalani, lakini shambani ni udhaifu.

Udhaifu huo ndio Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walioutibu walipotengeneza pamethrini mwaka 1973. Dawa za jamii hiyo, pirethroidi, hushika mlango uleule lakini huvumilia jua. Zilichukua soko la mashambani, na baadaye zikapakwa kwenye vyandarua vya mbu. Hilo ni kweli. Lakini wakati pareto ya Kenya ikiporomoka, Tasmania kule Australia ilikuwa ikipanua mashamba ya ua hilihili mpaka ikaongoza duniani. Pirethroidi zilishindana nayo vilevile. Kama tatizo lingekuwa kemia, Tasmania nayo ingeanguka.

Kilichoanguka Nakuru ni malipo. Pareto huchumwa kwa mkono, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi mingi ya mwaka. Wachumaji wanataka pesa yao mara moja. Mkulima alianika maua, akayapeleka kwenye chama chake, na kiwanda cha Bodi ya Pareto mjini Nakuru kikapima kiasi cha pirethrini ndipo malipo yakokotolewe. Malipo yalipoanza kuchelewa kwa miezi, kisha kwa miaka, mkulima hakuwa na cha kumpa mchumaji. Aling'oa mimea akapanda viazi, ambavyo mnunuzi huvifuata shambani na pesa mkononi. Sioni kosa lake. Kiwanda kilipokosa maua, wanunuzi wa ng'ambo wakakosa bidhaa ya kutegemea na kuhamia kwingine. Mapato ya Bodi yakapungua zaidi, na deni lake kwa wakulima likazidi kuwa gumu kulipika. Sheria ya mwaka 2013 ilifungulia kampuni binafsi mlango wa biashara ya pareto, lakini wakati huo hata miche bora ilikuwa haba.

Siku hizi pareto inanadiwa tena kama dawa asilia itakayotuokoa na kemikali. Ahadi hiyo nayo ipimwe. Mwaka 2000 watafiti walieleza mbu wa magharibi mwa Kenya ambao mlango wao wa sodiamu ulikuwa umebadilika mahali pamoja tu, pirethroidi zikashindwa kuushika vizuri. Pirethrini ya ua hulenga mlango huohuo, kwa hiyo mbu hao wanaweza kuivumilia nayo. Soko la hakika la pareto limo majumbani, kwenye maghala ya nafaka na katika kilimo hai, na linatosha kuwapa kazi watu wa Molo na jirani zao wa Kuresoi. Ila mmea huu hukaa shambani miaka mitatu au zaidi. Anayeombwa kuufungia ekari yake muda wote huo anahitaji mkataba unaotaja tarehe ya kulipwa, na adhabu kwa mnunuzi atakayeuvunja.