Nyara, Leseni na Kibali: Istilahi za Uwindaji baina ya Sheria na Kijiji

Ndanda iko chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kandokando ya barabara itokayo Lindi kwenda Masasi. Wageni huijua zaidi kwa misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa hapo mwaka 1906, na kwa hospitali na shule zilizotokana nayo. Wenyeji huijua pia kama mahali ambapo nguruwe wa porini huingia mashambani usiku na kufukua mihogo. Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipoletewa karatasi na mzee mmoja aliyetaka kusomewa. Ilikuwa hati ya mashtaka ya mwanawe, aliyekamatwa na vipande vichache vya nyama kavu ya pofu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, hapo pamesema nyara za Serikali. Nyara gani tena? Kwani kijana ameteka mtu?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Kwa Kiswahili alichokulia mzee yule, nyara ni kitu cha vita: ni mali au watu wanaochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa adui, na hata leo redio ikitangaza kwamba abiria wametekwa nyara kila msikilizaji huelewa. Kumbe katika sheria ya wanyamapori neno hilo limepewa kazi nyingine kabisa. Maana yake humo ni mnyama wa porini, awe hai au amekufa, pamoja na sehemu yake yoyote: pembe, meno, mfupa, kucha, kwato, ngozi, nyama, nywele, manyoya, yai, hata kitu kilichotengenezwa kwa sehemu hizo. Basi mtu mwenye kipande cha nyama chunguni anaweza kuwa na nyara ndani ya nyumba yake, asijue. Tena sheria humtaka yeye aliyekutwa nayo athibitishe kwamba aliipata kwa halali, na adhabu yake huweza kufikia kifungo cha miaka 20 au zaidi. Neno ambalo maana yake humfunga mtu kwa miaka mingi hivyo si neno la kuachiwa wanasheria peke yao.

Je, waliochagua neno nyara walikosea? Kwa maoni yangu hawakukosea. Neno la Kiingereza walilokuwa wakilifasiri nalo lina asili ya vita, kwani lilitokana na Kiyunani, ambako lilikuwa jina la mnara uliosimamishwa mahali ambapo adui aligeuka kukimbia. Kwa hiyo lugha zote mbili zimesafiri kutoka vitani hadi porini kwa njia moja. Ubaya ni kwamba Kiingereza kilisafiri polepole, na wasemaji wake wakawa na muda wa kuona pembe zikitundikwa ukutani. Kiswahili kilirushwa huko kwa siku moja, katika karatasi ya sheria. Wako wanaopendekeza tutafute neno jipya. Mimi sioni faida. Mahakama zetu zimekwisha kulizoea neno hili katika hukumu nyingi, na kulibadili sasa ni kuongeza mashaka juu ya mashaka. Wala hatuwezi kukimbilia neno kombe, ambalo ndilo hutumika pale neno hilohilo la Kiingereza linapohusu mpira. Linalotakiwa ni kwamba tangazo lolote linalobandikwa kwenye ofisi ya kijiji lisitumie neno nyara bila kueleza papo hapo kwamba nyama imo.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2021, ilipotungwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ambayo ilichukua mahali pa Sheria Na. 12 ya 1974, nayo ikiwa imechukua mahali pa sheria ya kikoloni ya 1951, ilitungwa kwa Kiingereza kama hizo zilizoitangulia. Wafasiri wetu wana kazi kubwa mbele yao, na yafaa waitazame kwa jicho la yule atakayesomewa.

Tuchukue neno leseni. Watu husema "kukata leseni" kama wanavyosema kukata tikiti, kwa sababu karatasi ilikuwa ikikatwa kutoka kitabuni, na picha hiyo huwafanya wengi waione leseni kuwa kitu cha kununua tu: ukishalipa, umemaliza. Sheria haioni hivyo. Leseni ya uwindaji hutaja mtu, aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Haihamishiki kwa mtu mwingine, hata awe ndugu wa tumbo moja. Na mwenye leseni hutakiwa kuandika alichoua. Kuna na jambo linalowapotosha wengi zaidi. Leseni ya kumiliki bunduki, inayotolewa kwa njia ya Polisi chini ya sheria ya silaha ya 2015, si leseni ya kuwinda. Nimewasikia watu wazima wenye akili zao wakisema, "Mimi gobore langu lina leseni," wakidhani wamekwisha jibu swali la mnyama. Pangekuwa na majina mawili yaliyo mbali, kosa hili lingepungua. Napendekeza neno leseni libaki kwa ruhusa ya kuwinda, na ile ya silaha iitwe daima, bila kufupishwa, "hati ya kumiliki silaha".

Kibali nacho kimechanganywa mno na leseni, na katika barua za ofisini huyaona yote mawili, pamoja na ruhusa na idhini, yakipishana katika aya moja kana kwamba ni mapambo ya usemi. Mwandishi wa barua hupenda asirudie neno. Mwalimu wake wa insha ndiye aliyemfunza hivyo. Katika istilahi tabia hiyo ni hatari. Ruhusa ni ya mdomo au ya maandishi, na yeyote mwenye mamlaka huweza kuitoa. Idhini ni kukubali kwa mtu ambaye bila yeye jambo halifanyiki, kama idhini ya kijiji kwa mgeni anayetaka kuingia katika ardhi yake. Kibali ni cha jambo moja mahsusi, kwa mfano kusafirisha ngozi au kuingia katika pori la akiba. Leseni ni haki yenye masharti ya kudumu kwa muda wake wote. Mfasiri akichagua moja na alishike hadi mwisho wa hati.

Neno lenye utajiri zaidi ni kuwinda lenyewe. Kiswahili cha zamani kilitofautisha mambo ambayo sheria imeyakusanya. Kusaka ni kumtafuta na kumfukuza mnyama, mara nyingi kwa mbwa, na afanyaye hivyo ni msasi. Kutega ni kwa kamba, shimo au mtambo. Kuwinda kwa maana yake ya asili ni kunyemelea na kuvizia. Upande mwingine yako maneno ya mkulima: kuwinga ni kufukuza ndege au wanyama shambani, na kuamia ni kukaa macho juu ya dungu mazao yanapokomaa. Sheria haingoji mnyama aanguke. Tendo lolote linaloelekezwa moja kwa moja kwenye kumuua, kumjeruhi au kumkamata limo katika kuwinda. Kwa hiyo anayefuata nyayo na mkuki mkononi amekwisha winda, ingawa kijijini watasema alirudi mikono mitupu. Anayewinga kwa kupiga debe hajawinda. Mpaka huu Kiswahili kimekuwa nao kabla ya sheria yoyote, na itakuwa hasara tukifasiri kana kwamba hatukuwa nao. Vivyo hivyo katika njia zilizokatazwa, kama sumu, mashimo, nyaya, taa za usiku na kupiga risasi kutoka ndani ya gari: mfasiri asiandike "mitego" kwa jumla pale sheria inapotaja kila mtego kwa jina lake.

Majina ya wanyama ni msitu mwingine. Mnyama ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini Tragelaphus scriptus ni pongo katika vitabu vingine na mbawala katika vingine. Palahala ni mbarapi. Paa, funo na nsya ni wanyama watatu, lakini mtu wa mjini huwaita wote paa, au swala, ambalo ndilo jina la kila mwenye pembe asiyemjua. Mwenye leseni ya mmoja akiua mwingine amevunja sheria hata kama nia yake ilikuwa njema. Masasi na Newala, ambako Kimakonde, Kimakua, Kimwera na Kiyao kila kimoja kina majina yake, orodha ya leseni ingefaa iwe na jina sanifu moja, jina lake la pili palipo nalo, Kilatini, na picha. Wakati wa ukoloni ofisa wa wanyama aliitwa Bwana Nyama, Mwingereza C.J.P. Ionides, aliyestaafu kazi hiyo na kuishi Newala akikamata nyoka, alikuwa mmojawapo. Jina hilo lilitumia neno moja kwa mnyama na kwa kitoweo, na huenda ndiyo sababu watu walimwelewa vizuri kuliko tunavyoeleweka sisi tunaosema "wanyamapori".

Hata mahali pana majina yake. Huko kusini pori la Selous liliitwa Shamba la Bibi. Husimuliwa kwamba mtawala wa Kijerumani alimpa mkewe. Kwa jina hilo kila mtu alijua kwamba pana mwenyewe. Pori la akiba, kama Lukwika-Lumesule na Msanjesi, lina jina zuri, lakini akiba kwa mkulima ni chakula cha kufungua wakati wa njaa, na nimeulizwa zaidi ya mara moja itafunguliwa lini.

Mzee wa Ndanda nilimweleza hayo kadiri nilivyoweza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza juu ya nguruwe wa mihogo. Nilimwambia kwamba anayeua mnyama kwa kutetea nafsi yake au shamba lake hana kosa, iwapo hakumchokoza kwanza, bali mzoga si wake. Ni wa Serikali, na sharti atoe taarifa. "Hata nyama yake nayo ni nyara?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Aliikunja ile karatasi, akaomba nimwandikie maneno hayo kwa herufi kubwa, akayasomeshe kwa mjukuu wake nyumbani.